Kondoo wa Bwana Dankani

Juzi kazini mwenzangu mmoja, Mkenya, aliingia ofisini amechelewa, akasema kwa haraka, "Mnisamehe jamani, mchungaji wangu alinipigia simu asubuhi, hakutaka kukata." Wengine waliendelea na kazi zao. Mimi nilicheka peke yangu mpaka ikabidi nijifanye nimepaliwa na chai. Neno hilo, mchungaji, ninajua vizuri maana yake anapolitumia yeye. Lakini akili yangu, kabla haijaifikia maana, hupita kwanza kwenye nyumba yetu ya Sib, Omani, na huko inamwona mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu, amelowa mvua, amezungukwa na kondoo wanaolia kwa sababu ya dhambi zao.

Mtu huyo nilikua naye. Nilimjua kabla sijawajua nusu ya jamaa zangu.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka tulivyokuwa. Shuleni Kiarabu, kwenye televisheni Kiarabu na katuni, nyumbani Kiswahili, lakini Kiswahili cha mdomoni tu, cha "njoo ule" na "nani kaacha mlango wazi, baridi ya eya kondishani inatoka". Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyezaliwa Unguja na kusoma huko mpaka alipoozwa, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Lugha usoweza kuisoma," alikuwa akisema, "hiyo umeazima tu. Siku moja mwenyewe atakuja kuichukua." Akaamua kunisomesha. Tatizo lilikuwa kitabu. Katika nyumba yetu nzima hakikuwamo kitabu hata kimoja cha Kiswahili, mpaka siku aliponunua cherehani kuukuu Matrah, na chini ya sanduku lake, kilichowekwa ili chuma kisigongegonge, tukakikuta kimoja.

Hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo hazikuwapo, wala jina la mwandishi. Baada ya wiki chache kilinuka dawa ile ya kujipaka kifua, kwa sababu Bibi alijipaka kila alasiri kabla ya kuketi kusoma, kiangazi na kipupwe. Mpaka leo nikiwa na mafua na kujipaka dawa hiyo, ninasikia hamu ya kusoma.

Kitabu kilianza katikati ya sentensi: "...akawekewa mikono, akawa mchungaji." Huyo ndiye Bwana Dankani. Jina lake la ukoo lilikuwa limepotea pamoja na kurasa.

"Kuwekewa mikono ndo nini?" niliuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama alisema nilitoka tumboni na alama ya kuuliza shingoni badala ya kitovu.

"Walishikana mikono," alijibu Bibi bila kusita. "Wakapatana ujira. Ndo kaajiriwa hivyo, kachunge."

Mnielewe vizuri, Bibi hakuwa mjinga. Aliona neno kanisa, akajua huyu ni mtu wa nasara, akasema wana dini yao na sisi tuna yetu, na mcha Mungu ni mcha Mungu. Lakini kwa Bibi, kama kwa watu wote wa Unguja niliowajua, kiongozi wa kanisa aliitwa padri, basi. Mchungaji alikuwa mtu wa fimbo na mifugo. Na hakuona ajabu yoyote kwamba mchunga kondoo ahubiri. "Mitume wote walichunga," aliniambia. "Mtu akishaweza kumsubiri kondoo, anaweza kumsubiri binadamu."

Basi tukayasoma maisha ya mchunga kondoo mtakatifu zaidi duniani. Alikuwa mtoto wa mchonga mawe, katika nchi ya milima na mvua huko kaskazini, zaidi ya miaka mia kabla yetu. Alipokuwa kijana alipiga filimbi kwenye harusi, kisha akaiacha kwa kuogopa moto wa jehanamu. Kwa miaka alishindwa kulala, kwa sababu watu wa madhehebu yake waliamini kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka tangu kabla ya kuumba ulimwengu, na yeye hakujua kama yumo. Kisha siku moja, akivuka mto, moyo wake ukatulia. Kitabu hakikueleza kwa nini. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Bibi akasema labda maji yalikuwa baridi.

Wakampeleka kisiwani, kwa wavuvi na wakulima maskini, na huko ndiko mambo yalikoanza kuwa ya ajabu. Bwana Dankani aliwajua kondoo wake kila mmoja kwa jina. Kondoo walimletea viazi na samaki wa kukaushwa. Kondoo walikuja kumsikiliza Jumapili kutoka upande wa pili wa mlima, wazee wakiegemea fimbo.

"Kondoo na fimbo, Bibi?"

"Karama hiyo. Mawalii wana mambo."

Kulikuwa na kondoo mjane aliyemshonea soksi. Kulikuwa na kondoo mlevi ambaye Bwana Dankani alimfuata kila Jumamosi mlangoni pa duka la pombe, akamshika mkono, akamrudisha kwa mkewe. Bibi alimpenda kondoo huyo kuliko wote. Aliwasimulia jirani zetu habari zake, akawapigia simu jamaa zetu wa Sur kuwaeleza. Kila tulipofungua kitabu alisema, "Tutazame leo yule maskini kanywa au hakunywa."

Kisha akatokea mwenye ardhi. Alitaka kuwafukuza watu wote kisiwani ili alete kondoo, maana sufu ilikuwa na faida. Bwana Dankani akasimama mbele yake, akasema maneno makali, na mwenye ardhi akalifunga kanisa. Basi wakasali ufukweni, maji yakijaa wanasogea, yakitoka wanarudi, huku mchungaji akiwalilia kondoo wake wasio na makao.

Hapo nilimsimamisha Bibi. "Mwenye ardhi anataka kondoo. Bwana Dankani ana kondoo. Kwa nini hawapatani?"

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akafikiri kweli kweli. "Kuna kondoo wa matajiri," alisema hatimaye, "na kuna kondoo wa maskini. Hawalishwi pamoja."

Nimesoma chuo kikuu tangu wakati huo, na nimesikia wahadhiri wakieleza historia ya ardhi kwa saa nzima bila kufika mbali zaidi ya hapo.

Nilichokipenda kwa Bwana Dankani, hata hivyo, ni kwamba hakunijibu. Kama Mungu amekwisha kuchagua, kwa nini unatembea kwenye mvua kugonga kila mlango? Aliyechaguliwa si atafika tu? Nilimuuliza Bibi. Akaniambia Mungu ndiye ajuaye. Nikamuuliza kama imeandikwa nitapasi hesabu au nitafeli. Imeandikwa. Basi kwa nini nifanye mazoezi? "Kwa sababu imeandikwa pia kwamba usipofanya ntakupiga," alisema, tukarudi kwenye kitabu.

Nikaamua kuwa mchungaji. Katika uchochoro nyuma ya nyumba yetu walizurura mbuzi wa jirani, wakila makaratasi na maganda ya tikiti. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikawahubiria kwa sauti nzito, nikingoja mmoja wao alie. Walinitazama kwa macho yale yao ya pembeni, wakatafuna. Nilimshitakia Bibi. Akanifariji kwamba mbuzi wana mioyo migumu. Kwa kazi ile lazima kondoo khasa.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa na shughuli nyingine kubwa. Khalati Shemsa, mdogo wake mama, aliyekuwa amemaliza chuo Al Khoudh na kuanza kufundisha, alikuwa ameposwa. Posa mbili zilizotangulia Bibi alizirudisha, moja kwa sababu kijana alikuwa na kelele, nyingine kwa sababu alikuwa kimya mno. Hii ya tatu ilikuwa ya kijana aitwaye Khalfani, mhandisi, na hii Khalati aliitaka. Hakumwambia mtu, lakini mimi nililala naye chumba kimoja na nilimsikia akiimba bafuni. Walikuwa wakionana maktaba chuoni, meza mbili mbali, mwaka mzima, hawajapeana hata salamu ndefu.

Shida ilikuwa kwamba watu wa Khalfani walikuwa wa bara. Waomani kama sisi, Waislamu kama sisi, lakini babu zao walifanya biashara Tabora, sisi Unguja, na Bibi alikuwa na lake la kusema juu ya Kiswahili cha bara. "Wanasema 'mimi ninakula' kama wanatoa hotuba," alisema. Nao, tulisikia, walikuwa na shangazi, Bi Azza, mtu wa tasbihi na neno moja, aliyesema watu wa Unguja wana maringo na dini yao nyepesi. Bila ya idhini ya Bi Azza, Khalfani haoi.

Asubuhi ya siku waliyokuja wanawake wao, Khalati alinishika mabega mbele ya kioo. "Zuwena, mwanangu, nakuomba. Wakija wale watu, usiulize kitu. Leo tu."

"Na wao wakiniuliza?"

"Jibu kwa adabu, ukae kimya."

"Lakini Bibi kasema kama ni nasibu yako ni nasibu yako tu. Imeandikwa. Sasa mbona mnapika tangu juzi?"

Khalati alifumba macho kama mtu anayesoma dua ya kujikinga.

Walikuja baada ya alasiri, Bi Zayana mama yake Khalfani, mnene, mwenye uso wa kucheka, na Bi Azza, mwembamba na mnyoofu kama msumari. Walivua mabuibui, wakaketi. Khalati alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, akingoja kuitwa, kama ilivyokuwa desturi. Mama alileta mkate wa kumimina, sambusa, halwa na kahawa. Wakasifu. Wakaulizana khabari za wagonjwa. Bi Azza alikula kipande kidogo cha halwa kwa namna ya mtu anayekichunguza. Mazungumzo yalipopungua, Bi Zayana alinigeukia kwa wema kabisa, kama watu wazima wanavyofanya wanapoishiwa maneno.

"Na huyu binti mzuri, akikua anataka kuwa nani?"

Nilijibu kwa adabu. "Mchungaji."

Bi Azza aliweka kikombe chini. "Nani?"

"Mchungaji. Kama Bwana Dankani."

Bibi, aliyedhani wameshangaa kwa kuvutiwa, alijiweka sawa. "Moyo wake uko huko," alisema kwa fahari. "Keshaanza kuhubiri, huko nyuma uchochoroni."

"Anahubiri?" Bi Azza alisema. "Na nani aliyemfundisha?"

"Mie mwenyewe. Kila alasiri nnamsomesha."

"Wewe? Mama mzima, mwenye kwenda hija?"

"Kwani kuna ubaya gani? Kazi ya mitume hiyo! Ningekuwa na nguvu na mie ningefanya."

Bi Zayana alishika mdomo. Mama, ambaye hakuwahi kukisoma kitabu na hakuelewa ni jambo gani linaharibika ila tu kwamba linaharibika, alisukuma sahani ya sambusa mbele. Hakuna aliyeigusa.

"Na kanisa lake," Bi Azza alisema polepole, "liko wapi?"

"Alikuwa nalo," alisema Bibi kwa huzuni ya kweli, "lakini mwenye ardhi kalifunga. Maskini, kasalisha pwani, mvuani, na kondoo wake wote."

Bi Azza alisimama. "Zayana, nyanyuka. Nipeni buibui langu."

Ndipo nilipoelewa kwamba nimefanya kitu, ingawa sikujua nini. Niliutazama mlango wa chumba cha ndani. Ulikuwa umefungwa na kimya kama ukuta.

"Ngoja, wifi," alisema Bi Zayana. "Ngoja kwanza. Mwanangu, kilete hicho kitabu."

Nilikimbia, nikakileta. Alikifungua popote, akasoma midomo ikicheza, akageuza ukurasa, akasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa amekulia mji mdogo huko bara, duka la baba yake limepakana na misheni, akisikia kengele yao kila Jumapili.

"Bibi," alisema, akijifuta macho, "mnajua humu mchungaji ni nani?"

"Mchunga kondoo, nani tena."

"Kwetu bara mchungaji ni padri. Huyu ni padri wa Kizungu. Na hawa kondoo..." alishindwa kuendelea, akavuta pumzi. "Hawa kondoo ni watu. Ni waumini wake. Ndivyo wanavyowaita."

Sijawahi kuuona uso wa Bibi namna ile. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imejengwa kichwa chini na yeye amekuwa akitembea darini miaka yote. Bibi, aliyekisahihisha Kiswahili cha kila mtu kuanzia Matrah mpaka Sib, amefundishwa neno na mtu wa Tabora, ndani ya nyumba yake, halwa ikiwa bado mdomoni.

"Watu," alisema.

"Watu, Bibi. Hakuna kondoo hata mmoja. Isipokuwa wale wa mwenye ardhi. Wale ni kondoo kweli."

Bi Azza alikuwa tayari mlangoni, buibui begani. "Kondoo au watu," alisema, "sisi hatukuja kusomewa hadithi za mapadri. Nyumba isiyojua inachosoma itajua inachokilea? Twende."

Mama alianza kulia kimyakimya. Bi Zayana alisimama, kwa sababu wifi yake amesimama. Na Bibi hakuwasikia. Alikuwa bado huko kisiwani, akiwahesabu upya mmoja mmoja, yule wa fimbo, yule wa viazi, yule mjane wa soksi. Akainua kichwa, na kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyefiwa, akauliza:

"Hata yule mlevi?"

Nyuma ya mlango wa ndani Khalati Shemsa alipasuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko cha mwari. Kilikuwa kicheko cha tumbo, cha kukosa pumzi, kikaisha, kikaanza tena, na mtu akasikika akianguka kitandani.

Bi Azza aligeuka. "Nani huyo?"

"Mwenyewe," alisema Mama, akitamani ardhi immeze.

Bi Azza aliutazama mlango ule kwa muda. Kicheko kiliendelea. Niliona kitu kikipigana kwenye pembe za mdomo wake, na nikaona kinamshinda.

"Mwari akiulizwa akanyamaza," alisema, "ni ridhaa."

"Ndiyo, wifi," alisema Bi Zayana upesi, "na wanavyuoni wanasema akicheka pia ni ridhaa."

"Najua wanavyosema. Sijamuuliza bado."

"Basi hesabu kwamba amejibu mapema."

Bi Azza alivuta buibui begani, akalikunja polepole, akalirudisha kitini. Kisha akaketi. Akamtazama Bibi, aliyekuwa bado ameduwaa, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ncha. "Bi mkubwa, kwani huyo mlevi alifanya nini?"

Bibi akamweleza. Kwanza kwa aibu, kisha kwa mikono yote miwili. Bi Zayana alisoma kurasa kwa sauti, kwa Kiswahili kile cha bara kama anatoa hotuba, na hakuna aliyemsahihisha. Kahawa ilipikwa tena. Bwana Dankani akarudi kuwa padri, kondoo wake wakasimama kwa miguu miwili, na nilishangaa jinsi walivyokuwa wa kawaida, na jinsi mvua ile ilivyokuwa baridi zaidi sasa ikiwanyeshea watu. Bi Azza alisema mtu huyo dini yake si sahihi lakini miguu yake ilikuwa sahihi. Walipoondoka jua lilikuwa limezama, na siku ya wanaume kuja ilikuwa imekwisha kupangwa.

Khalfani na Khalati wana watoto watatu sasa, na nyumba Al Khoudh yenye kelele nyingi kuliko ambazo Bibi angeweza kuzivumilia. Mwaka jana nilikuwa jikoni kwao, tukimenya vitunguu na Khalati, nikaanza, kama kawaida yangu. Nilimwambia kwamba nimelifikiria jambo lile na siridhiki nalo. Ridhaa ni ridhaa iwapo mtu ameulizwa. Yeye hakuulizwa. Alicheka kwa sababu ya kondoo mlevi, watu wazima wakaamua kwamba amekubali mume. Kwa hivyo ndoa yake imesimama juu ya kosa la wasikilizaji.

"Khalfani!" aliita. "Zuwena anasema ndoa yetu ina kasoro."

"Mwambie kachelewa!" ilijibu sauti kutoka sebuleni.

"Sitanii, Khalati. Au utaniambia ilikuwa imeandikwa?"

Aliendelea kumenya. Nilidhani hatanijibu, kama Bwana Dankani.

"Nilianza kucheka tangu uliposema mchungaji," alisema. "Mimi chuoni nilikuwa na rafiki wa Dar, neno hilo nilikuwa nalijua, ila nilimwachia bibi yako kondoo wake. Niliuvuta mto nikajiziba uso, nikaung'ata, machozi yananitoka. Mngeweza kukaa mpaka isha msinisikie."

"Halafu?"

"Halafu nikamsikia Bi Azza anasema twende." Alisukuma maganda pembeni, akachukua kitunguu kingine. "Nikauondoa mto."